Saa, Redio, Programu: Mwongozo kwa Mwenye Uraibu wa Msimu

Mke wangu huhesabu misimu kwa vifurushi vinavyofika posta. Mwaka juzi, Januari hadi Machi zilikuwa saa za mkononi. Masika yalipoanza nilikwisha kuhamia redio, na kufikia Agosti nilikuwa sibanduki kwenye kompyuta, najaribu programu ya nne ya kuandikia madokezo ilhali sina hata dokezo moja la kuandika. Kama nawe ni wa ukoo huu, karibu tukae. Sikufundishi kuacha, mimi mwenyewe sijaacha. Nataka ujue kufungua, kutumia, na zaidi ya yote kufunga, kwa sababu mapenzi ya namna hii hayafi. Huenda zake, yakakaa mwaka au miaka miwili, kisha yakarudi usiku mmoja bila hodi. Yakikuta uliyafunga vibaya, utaanza kununua upya vitu ulivyokwisha kuvinunua.

Shuleni tulifundishwa kwamba hobi kwa Kiswahili ni uraibu, neno lile lile analoambiwa mtu aliyezoea tumbaku. Aliyelichagua bila shaka alikuwa na kabati kama langu.

Mhoji pepo kwanza

Pwani, pepo akimpanda mtu hudai vyake: huyu pete, yule kanzu, mwingine halua na marashi. Mganga anayejua kazi hakimbilii dukani usiku ule ule. Humhoji kwanza: wewe nani, umetoka wapi, wataka nini. Nawe fanya vivyo hivyo. Siku 14 za mwanzo usinunue kitu, tumia kilichomo nyumbani. Saa ipo moja kwenye droo, ya marehemu babu au uliyopewa harusini. Redio ya masafa mafupi ipo kwa shangazi, juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma. Programu unayo tayari, ila umeichoka.

Chukua daftari la karatasi, lipige safu mbili. Ya kwanza andika dakika ulizotumia siku hiyo kufanya jambo lenyewe. Ya pili, dakika ulizotumia kutazama vitu vya kununua. Wiki yangu ya kwanza ya saa ilisoma hivi: 20 na 410. Nilikaa na daftari lile jioni nzima. Pepo wangu, kumbe, alikuwa wa maduka, na saa zilikuwa kisingizio chake. Kama safu ya pili inaizidi ya kwanza mara tatu baada ya siku 14, usinunue. Kama zinakaribiana, soma mbele.

Saa

Anza na isiyouma mfukoni. Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ya plastiki, ipo sokoni tangu 1989. Betri yake ya CR2016 hudumu kama miaka saba, nayo hukosea si zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Linganisha na saa ya Uswisi ya kamani iliyopewa cheti cha usahihi: hiyo inaruhusiwa kuwahi sekunde 6 au kuchelewa sekunde 4 kwa siku. Zidisha kwa 30 uone. Siri ya ile ya plastiki ni kipande cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawanya idadi hiyo kwa mbili mara 15 na unabaki na moja, yaani sekunde yenyewe. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, Seiko Astron, iliuzwa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, na mafundi wengi wa Uswisi wakaja kukosa kazi.

Kwa hiyo anayenunua saa ya kamani leo hanunui usahihi. Ananunua mashine ndogo inayohema. Ukilijua hilo mapema hutamlaumu muuzaji saa yako ikichelewa nusu dakika kwa siku. Kwa saa za bei ya kawaida huo si ugonjwa.

Ya kuanzia katika kundi hili ni Seiko 5, jina lililoanza mwaka 1963, ambayo wengi wetu tuliiona kwanza mkononi mwa baba au mwa mwalimu wa zamu. Za mtumba zimejaa, na hapo ndipo penye mitego. Nyingi zimepakwa rangi upya kwenye uso, aghalabu huko India, zikang'aa kuliko zilivyotoka kiwandani. Igeuze saa. Mgongoni kuna tarakimu kama 7009 au 7S26, kisha kistari, kisha nne nyingine. Zile za mwanzo ni jina la mashine iliyomo. Sasa tazama usoni, chini kabisa, pembeni mwa namba 6: kuna maandishi madogo mno yenye jina hilo hilo. Mgongo ukisema 7009 na uso ukisema 7S26, hiyo ni ndoa ya mitaani. Maandishi hayo yakiwa hayapo kabisa, au neno Seiko limeandikwa kwa mkono mzito, uso umepakwa.

Namba ndefu ya mgongoni nayo ina habari. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Inayoanza na 7N ilitengenezwa Novemba ya mwaka unaoishia na 7. Mwaka upi? Uulize mashine. 7S26 ilianza 1996, basi haiwezi kuwa ya 1987.

Mashine hizo mbili hazijazwi kwa kuzungusha kitufe cha pembeni. Utakizungusha bure ukadhani saa imekufa, ukaiuza kwa hasara. Ilaze kiganjani, itikise polepole kama unapepeta mchele, mara 30 hivi, kisha ivae. Mkono wako utamaliza kazi. Tarehe usiibadilishe kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, maana meno ya tarehe wakati huo yameshaanza kushikana na utayavunja. Lakini mishale haisemi kama ni usiku au mchana. Basi izungushe kwanza hadi tarehe iruke yenyewe, hapo ndipo usiku wa manane, kisha isogeze mbele mpaka mshale mfupi ufike 6, ndipo uweke tarehe. (Sisi tutaiita saa 12 asubuhi huku mshale ukionyesha 6. Nina rafiki kutoka ng'ambo aliyeishi nasi miaka miwili na bado hili humpa kizunguzungu.)

Saa ikianza ghafla kuwahi dakika nzima kwa siku, kabla ya kulia fikiria ulikoilaza. Juu ya spika? Kwenye jalada la simu lenye sumaku? Saa iliyoshikwa na sumaku huenda mbio, na fundi mwenye kifaa cha kuondolea sumaku huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Mita 30 za maji zilizoandikwa mgongoni maana yake ni kunawa mikono. Zisikupeleke baharini. Na mkanda wa ngozi, kwa jasho la Dar es Salaam au Mombasa, utaoza kabla hujaupenda.

Mengine yote nenda kwa fundi saa wa barabarani, yule mwenye kijisanduku cha kioo na lenzi jichoni. Usimpelekee kazi tu; mnunulie chai, uketi. Wangu alifungua saa niliyoinunua kwa mbwembwe, akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuka kama vimefunguliwa kwa kisu cha mezani, na kutu imeanza pembeni. Akafunga, akanirudishia, akasema, "Mwanangu, umenunua kioo." Nusu saa ile ilinifaa kuliko miezi yangu miwili ya kutazama picha.

Redio

Ni saa iliyonivusha. Nilitaka kujua yangu inakosea kiasi gani, na ili ujue hilo unahitaji saa isiyokosea. Vizazi viwili vya watu wetu vilifanya hivyo kwa redio. Milio sita ya BBC ilianza 5 Februari 1924; siku hizi mitano ni mifupi, wa sita mrefu, na saa kamili ni pale mwanzo wa ule mrefu. Matangazo ya Kiswahili ya BBC yalipoanza 1957, na ya Sauti ya Ujerumani 1963, kulikuwa na wazee waliokwisha kushika kitufe cha saa wakisubiri. Usijaribu hivyo kwa matangazo ya intaneti: sauti hufika imechelewa sekunde kadhaa, na kila simu na uchelevu wake. Kwenye masafa mafupi jaribu megahezi 5, 10 na 15, usiku ukiwa mtulivu. Huko kuna vituo vya serikali, WWV cha Marekani na BPM cha China, ambavyo kazi yao ni kugonga sekunde.

Ukinasa hapo, umeshapandwa na pepo wa pili.

Redio yoyote yenye masafa mafupi inatosha kwa mwezi wa kwanza. Usiku shuka chini, kwenye bendi ya mita 49, karibu na megahezi 6. Mchana panda, mita 25 na mita 19, karibu na 12 na 15. Zanzibar, kutoka mitambo ya Dole, ilisikika miaka mingi kwenye kilohezi 11735, na walio mbali waliisaka wapate taarabu. Ratiba za vituo huandikwa kwa saa za ulimwengu, na kwetu hesabu ni nyepesi: toa tatu upate saa ya Kiswahili. Saa 4 ya ratiba ni saa 1 asubuhi kwetu. 18 ukitoa 3 ni 15, yaani saa 3 usiku.

Ukisikia mngurumo mtupu, usikimbilie kununua redio kubwa zaidi. Adui yumo ndani. Taa za LED, chaja za simu na kidhibiti cha sola hutapika kelele kwenye masafa mafupi. Zima moja moja huku redio ikiwa inalia kwa betri, utamkamata. Kwangu alikuwa chaja ya mswaki. Na usiku umeme ukikatika mtaa mzima, majirani wakianza kulalamika, wewe chukua redio utoke nayo barazani. Hutapata usikivu kama huo mpaka utakapokatika tena. Cha pili ni waya: mita 10 za waya mwembamba kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, ncha moja ikibanwa kwenye antena ya redio, hufanya zaidi ya redio mpya. Radi ikianza, uchomoe.

Baada ya mwezi, kama daftari linaruhusu, nunua redio yenye SSB, namna ya kupokea ambayo redio nyingi za kawaida hazina. Tecsun PL-330 ni ndogo, huingia mfukoni mwa koti. SSB ndiyo hukufungulia mazungumzo ya waongeaji wa ridhaa, wale wanaorushiana mawimbi kwa mapenzi tu, na hukufungulia jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote humu. Weka megahezi 14.074, utasikia vinanda vinavyopanda na kushuka, vinakatika, vinaanza tena. Hiyo ni FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa milio, iliyobuniwa mwaka 2017 na Steve Franke na Joe Taylor. Huyu Taylor ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993. Weka kwenye kompyuta programu yao ya bure, WSJT-X, ilaze redio karibu na maikrofoni, funga mlango watoto wasiingie, na usubiri. Mistari itaanza kushuka kwenye skrini: Italia, Urusi, Japani, India, kila mmoja na alama yake ya wito. Hujalipa antena, hujalipa kebo.

Lakini haitafanya kazi kama saa ya kompyuta imekosea. Kila ujumbe una zamu ya sekunde 15, na kompyuta iliyochelewa sekunde mbili tatu itaambulia patupu. Kuna safu iitwayo DT inayoonyesha kila kituo kimewahi au kimechelewa kiasi gani. Ukiona dunia nzima imechelewa kwa sekunde 1.4, sawazisha saa yako.

Kusikiliza ndiko huko. Kurusha ni habari nyingine. Baofeng UV-5R, ile redio ya mkononi inayouzwa bei ya kuku wawili, hurusha, na kurusha bila leseni ni kosa. Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda na UCC. Alama za wito huanza na 5H, 5Z na 5X kwa mfuatano huo. Usiinunue ukiwa na wazo la kuzungumza halafu uombe leseni baadaye. Omba kwanza, na kama subira ya makaratasi inakuchosha, hiyo nayo ni habari kuhusu pepo wako.

Turudi kwenye kusikiliza. Kama paa lako lina dishi lililoelekezwa setilaiti za Badr, nyuzi 26 mashariki, una bahati usiyoijua. Hapo hapo pembeni pana setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, iliyobeba mitambo ya waongeaji wa ridhaa, wanaoiita QO-100. Kwa mtu wa Dar es Salaam ipo nyuzi 72 juu, upande wa kaskazini-magharibi. Haitembei, haizami, na huhitaji kuiwinda. Hushuka kwenye megahezi 10489.5, na kichwa cha kawaida cha dishi huishusha mpaka 739.5. Masafa hayo hupokelewa na kidude cha USB cha dola 30 au 40 kinachoitwa RTL-SDR. Volti 13 zinazokwenda kwenye kichwa cha dishi zisiingie ndani ya kidude. Kama hujui kuzizuia, mwite fundi dishi.

Programu

Kidude hicho kina ukubwa wa flashi. Chipu yake ilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni, mpaka mwaka 2012 watu walipogundua kwamba inaweza kupokea karibu kila kitu kati ya megahezi 24 na 1,766. Redio inakuwa programu: SDR++, Gqrx, chagua moja tu. Ukiwa njia ya ndege, weka dump1090, kazi ya Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano yule yule aliyeandika hifadhidata ya Redis. Waya wa sentimita 7 ukiwa dirishani, utaona ndege zinazoingia uwanjani kwa majina ya safari zake na urefu wa angani.

Kuanzia hapo utahama bila kujijua. Utataka Linux. Kisha Linux nyingine. Kisha Emacs ya kuandikia, kisha Vim kwa sababu mtu amekucheka kwa Emacs. Hapa nakuwa mkali kidogo: kati ya mapepo matatu huyu ndiye ghali kuliko wote, ingawa bidhaa zake ni za bure. Saa hukuomba pesa ukaona uchungu. Redio hukuomba nafasi kwenye kabati. Programu hukuomba jioni zako, na hukufanya uhisi unafanya kazi. Nilikwisha kutumia Jumamosi nzima kupanga rangi za dirisha ambalo ndani yake niliandika orodha ya sokoni.

Basi usipakue chochote mpaka uwe na kazi yenye jina, iliyoandikwa kwenye daftari: "kuhesabu saa ya baba inakosea kiasi gani kwa wiki", au "kuweka kumbukumbu za vituo nilivyosikia". Kisha jiulize swali moja: nikiifuta programu hii kesho, je, nilichoandika kitafunguka? Faili la maandishi matupu litafunguka kwa chochote, leo na miaka 20 ijayo. Kumbukumbu zangu za redio zipo kwenye faili moja kama hilo, kila mstari tarehe, saa, masafa na nilichosikia. Zimepita programu sita bila kujeruhiwa. Na bando lako lifikirie pia: faili la kuwekea Ubuntu linazidi gigabaiti 5, kwa hiyo pakua penye Wi-Fi, weka kwenye flashi, gawia jirani.

Kufunga

Utajua muda umefika. Saa itakaa siku tatu imesimama mezani. Redio itaanza kuwekewa kikombe juu. Wengi hapo huona aibu, wakasukuma vitu chini ya kitanda. Usione aibu, funga kwa adabu.

Betri zitoke zote, jioni ile ile. Betri iliyovuja imeua redio nyingi kuliko mvua, na ya saa iliyosimama huvuja vile vile. Saa ifute jasho, itie kwenye mfuko na vile vijipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Kebo uzikunje, kila moja na karatasi inayosema ni ya nini. Vilivyozidi uza sasa, ukiwa umevichoka. Ukivipenda tena hutaviuza. Mimi huacha saa mbili, redio moja na kidude kimoja. Programu futa, faili tunza, nakala moja kwenye flashi inayoingia sanduku hilo hilo.

Mwisho andika kadi, uiweke juu ya vyote kabla ya kufunga kifuniko. Ulifikia wapi, kilichokushinda ni nini, ulikuwa unakusudia nini. Mwandikie mtu asiyekumbuka kitu, maana ndivyo utakavyokuwa. Ya kwangu ya redio niliikuta Novemba iliyopita, pepo aliporudi, nikiwa tayari nina ukurasa wa duka wazi kwenye simu. Ilisema hivi:

"Betri zimetolewa. Waya uko juu ya kabati la jikoni. Mara ya mwisho 14.074, saa 2 usiku, Japani ilisikika. Chaja ya mswaki izimwe. Kebo ya sauti usinunue, zipo mbili."